Salim ampakia mamake kwenye gurudumu ambalo sijalimaliza

Wallahi leo nimekimbia barabara nzima ya Bofu na champali moja mguuni.

Rafiki yangu Salim alipata rimu pana za pikipiki nyingine, zikakataa kuingia kwenye yake. Nikamwambia azilete nyumbani pamoja na pikipiki, nina mashine ya kukereza vyuma. Nikamkerezea bushi mbili, zile pete za chuma zinazovaa kwenye ekseli, moja kila upande, ili gurudumu la nyuma likae imara.

Nikaenda kuswali adhuhuri.

Kurudi, Salim hayupo, pikipiki haipo, na bushi moja bado iko mezani.

Bwana kafunga gurudumu mwenyewe, kaondoka zake. Nikaikwapua ile bushi, nikatoka mbio.

Nilimfikia karibu na msikiti. Anakwenda polepole, gurudumu linayumba, na nyuma kampakia mamake. Mamake mzazi, jamani.

Nikasimama mbele yao, mikono juu. Akafunga breki, uso kaukunja.

"Shikamoo mama. Tafadhali shuka."

"Marahaba. Kwani kuna nini? Salim kanambia umeijaribu wewe mwenyewe, ukasema iko sawa."

Yaani jina langu ndilo lililompandisha mama wa watu pale juu!

Nikamwonyesha bushi, nikamweleza inakotakiwa kukaa. Mama alishuka, akachomoa ufunguo, akautia mkobani, akamgeukia Salim.

"Haya, isukume mpaka nyumbani. Mimi natembea nyuma yako."

Akaisukuma, watu wakitazama.

Sasa tangu alasiri ananitumia ujumbe, eti nimemuaibisha mbele ya mamake.

Hebu niambieni nyinyi, nilitakiwa ninyamaze?