Kilemba Kipya cha Bibi

Kila gari kuukuu linaloletwa kwake, fundi wa viti na paa huliita Bibi. Hili la marehemu wazazi wangu alilivua asubuhi vinili iliyochakaa, ile ngozi bandia inayofunika paa, akawa anakwangua gundi kavu na kutu huku akisema, "Bibi havishwi kilemba kipya na mba kichwani." Kila akipiga msasa hufumba macho na kupitisha kiganja cha kushoto polepole, kama anayepima homa ya mtoto. Kikikwama, anapaka puti ya kuziba mashimo. Juu ya mlango wa dereva kilikwama.

"Dada, hapa kuna vishimo. Nani alikuwa anabisha hodi?"

"Mama. Kila Baba akiondoka, Mama alikuwa akigonga paa kwa pete yake kumkumbusha asichelewe kurudi."

Puti ilikuwa imeshakorogwa. "Nisipoziba vitaonekana. Vinili haifichi kitu."

Niliweka kidole kwenye kishimo kimoja, nikakiacha hapohapo. Yeye akavipapasa vingine tena, safari hii macho wazi.

"Basi hivi si mba," alisema, akahamia upande wa pili na puti yake kabla haijakauka.