Samaki wa Mwalimu Nyuma ya Jiko la Bibi

Ninafua mashuka katika gesti moja hapa Ruangwa, si mbali na stendi. Mwezi uliopita mwenye gesti alitaka bwawa la samaki wa mapambo mbele ya mapokezi, ili wageni wapige picha. Samaki wakafika na basi la Dar kabla saruji haijakauka. Walikuwa wanane, wekundu, wamefungwa kwenye mfuko wa nailoni, midomo juu wanatafuta hewa. Fundi kashika kiuno. Mwenye gesti anapiga simu huku na huku. Mimi nikaacha beseni langu nikasema, leteni matofali na turubai.

Tukapanga matofali makavu, duara la kufika gotini. Chini tukatandika mablanketi mawili ya zamani, juu yake turubai, ukingoni mawe. Maji nikachota kwenye pipa langu la kufulia, maji yaliyolala tangu jana, bila sabuni. Kabla ya adhuhuri samaki walikuwa wanazunguka kama wamezaliwa humo. "Mama, haya umesomea wapi?" fundi akaniuliza. Nikamwambia nilisomea darasa la nne, Lionja, upande wa Nachingwea. Akacheka, akidhani namtania.

Simtanii. Na wewe kaa vizuri nikueleze, maana jambo hili nimekaa nalo miaka mingi bila kumwambia mtu.

Lionja nilikuwa nakaa na Bibi, mzaa mama. Mama alifariki nikiwa bado sijaanza shule. Baba akarudi kwa ndugu zake, akasema mtoto ni wa upande wa mama, na kwetu kweli ndivyo ilivyo. Kwa hiyo mwenye amri juu yangu akawa mjomba. Huyu nitamtaja kila inapobidi, kwa kuwa umri wa kumwogopa umepita. Mjomba, kaka yake mama, mtoto wa kwanza wa Bibi yule yule niliyekuwa nalala naye kitanda kimoja. Aliishi Ruangwa mjini. Mikorosho aliyoiacha mama aliifanya yake, na kila kiangazi kikianza alikuja na baiskeli kuipulizia dawa, ule unga wa manjano tunaouita salfa. Mpaka leo nikinusa salfa nafunga dirisha.

Lakini maisha kwa Bibi yalikuwa matamu, nisiseme uongo. Asubuhi ukungu umelala juu ya mashamba, Bibi anamenya muhogo, maganda yanaanguka kwenye ungo, chwa, chwa. Ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, siku nyingine mbaazi mbichi zilizochemshwa na maganda yake, tunakula huku tumekaa kwenye mlango wa jiko. Nyumbani Bibi alisema Kimwera tu. Kiswahili alikiweka akiba ya kumtishia mtu.

Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa mwanamke mgeni, mtu wa mbali. Kwenye nyumba yake ya shule alifuga samaki watano katika pipa lililokatwa nusu. Rangi yao ilikuwa ile ya bibo la mkorosho lililoiva, nyekundu inayoelekea manjano, na ukiinama wanakuja juu kukuangalia. Sisi samaki tuliowajua walikuwa wakavu, wameshafungwa kwenye kikapu. Basi wiki ya kufunga shule lile pipa likaoza kitako, likaanza kuvuja. Mwalimu anasafiri kwao, samaki hawabebeki. Akasimama mbele ya darasa: "Nani kwao kuna kivuli, na kuna mtu mzima asiyelewa?"

Nikanyoosha mkono mimi.

Bibi alipoona nimerudi na ndoo ya samaki alishika kidevu. "Hawa hawaliwi?"

"Hawaliwi, Bibi."

"Na wanataka maji?"

"Wanataka."

"Kisima kiko kule bondeni, wewe unakijua. Ungeniletea mbuzi ningekuelewa." Akanuna kidogo, kisha akaenda kuchukua jembe. Ndivyo alivyokuwa.

Tulichimba nyuma ya jiko, mahali ambapo ukuta unatoa kivuli mchana kutwa. Kina cha goti, upana wa mtu mmoja kulala. Bibi alikuwa mfinyanzi, udongo aliujua. Alisema shimo tupu litakunywa maji yote kabla hatujaweka ndoo chini, kwa hiyo tunahitaji nailoni. Na nailoni kijijini kwetu wakati huo ilikuwa kitu cha kuazima kama sufuria la harusi.

Sasa, siku mbili kabla ya hapo mjomba alikuwa amefika na salfa yake, na alikuja na habari. Mkewe amejifungua, anataka msichana wa kulea. "Mtoto wa kike darasa la nne linamtosha, Mama. Nikimaliza kupulizia naondoka naye." Bibi akaendelea kumenya muhogo. Mjomba kwetu akisema amesema, hata mama yake mzazi hana pa kumshitaki. Nilikuwa nalia chinichini hata kwenye kuchota maji.

Ila siku tuliyochimba, mjomba akaja kusimama kwenye ukingo, akauliza shimo la nini. Hapo Bibi akanyooka, akatoa Kiswahili chake. "Hawa samaki ni mali ya Serikali. Mwalimu ni wa Serikali, na samaki wake ni wa Serikali. Ameandika jina la mtoto huyu. Akirudi asimkute, atauliza askari."

Ndugu yangu unayesoma, mjomba aliogopa kitu kimoja tu duniani, na ni hicho Bibi alichokitaja. Akazunguka lile shimo. Akawatazama samaki ndooni. "Na wakifa?"

"Wakifa hakuna kesi, mtoto atakuwa huru," Bibi akasema, na nadhani alijuta palepale, maana uso wa mjomba ulibadilika.

Kesho yake asubuhi akatuletea nailoni. Ile ya ndani ya mfuko wa salfa, nzima, haijatoboka. "Shika, mama. Isije ikasemwa mimi sina moyo." Aliniita mama, kama wajomba wanavyowaita wapwa wao wakiwa na furaha, nami nikafurahi kama mjinga. Nikaisuuza mara moja, nikaitandika, nikajaza maji na kuwaachia samaki. Bibi alikuwa shamba.

Jua lilipofika utosini samaki walikuwa wamelala ubavu. Nilipiga ukelele uliomtoa Bibi shambani na jembe mkononi. Hakuniuliza kitu. Aliinama akanusa maji, akaingia ndani, akatoka na chungu chake kikubwa, kile kipya alichokifinyanga kwa ajili ya kuuza, akakijaza maji ya mtungini ya kunywa. Tukawatoa mmoja mmoja kwa kata. Watatu walikuwa wamekwisha. Wawili walihema mpaka jioni, kisha wakaanza kupunga mapezi.

Utasema labda mjomba hakujua. Mimi nasema alijua. Mtu anayepulizia salfa kila mwaka, anayejifunga kitambaa puani na kuwafukuza kuku wasipite chini ya mkorosho, hajui? Alijua. Ninamwandika hapa.

Ila kwenye ubaya huo ndipo nilipomwona mtu mwema. Jirani yetu alikuwa Mmakonde aliyekimbia vita Msumbiji na mkewe na watoto, mzee mwenye chale usoni, mcheshi kupita kiasi. Alisikia ule ukelele wangu. Jioni akaja na turubai kukuu limekunjwa vizuri, limefungwa kwa kamba ya katani. Turubai lile lilikuwa paa lao njia nzima, tangu walipovuka Ruvuma, na kwao lilikuwa halitandikwi ovyo. Bibi akakataa. Yule mzee akasema, "Mama, hili limeshawahifadhi wakimbizi kumi na mmoja. Hawa wawili wataleta fujo gani?"

Akakaa kutufundisha. Tulitupa ile nailoni mbali, tukakwangua udongo uliolowa dawa, tukatoa visiki na mizizi. Chini tukatandika mikeka iliyochakaa ili turubai lisitobolewe, kisha tukashindilia mawe ukingoni. Maji yakakaa siku mbili bila samaki. Siku ya tatu Bibi akaniagiza bondeni nikachote viluwiluwi vya chura, tukavitia vianze vyenyewe. Vilipoamka vizima ndipo tukawashusha samaki kutoka kwenye chungu, na juu tukafunika matete, kuku wasije kuchokonoa.

Kila siku ndoo moja tunatoa, ndoo moja tunaongeza. Maji ya zamani tulimwagia nyanya, zikazaa mpaka majirani waliotucheka wakaja kuomba. Wanawake kisimani walikuwa wakimuona Bibi wanasema, "Mpisheni mama mkwe wa samaki!" Naye anajibu, "Wakwe zangu hawalewi kama wa kwenu." Samaki walikula pumba, mabaki ya ugali na mchwa niliowafikicha. Mjomba alimaliza kupulizia, akaangalia shimoni, samaki wawili wakaja juu kumtazama. Akapanda baiskeli peke yake.

Shule ikafunguliwa, mwalimu hakurudi. Alihamishwa. Akaniletea barua kupitia kwa mwalimu mkuu, barua fupi: anashukuru, niendelee kuwatunza mpaka atakapopata njia ya kuwachukua. Mjomba alipokuja tena msimu wa kuokota korosho, Bibi akaniambia, "Msomee mjomba wako." Mjomba kusoma hajui. Nikaisoma barua ile kwa sauti, na nilipofika mwisho nikaona bado kuna nafasi nyeupe chini, nikaendelea kusoma: mtoto huyu asiondolewe shuleni mpaka samaki watakapochukuliwa na Serikali. Bibi, ambaye naye kusoma hajui lakini nilishamsomea barua ile, alinitazama sana. Alijua. Akaguna tu, akaendelea kupepeta.

Hivyo nikasoma darasa la tano lote. Samaki mmoja akachukuliwa na ndege mwenye mdomo mrefu, asubuhi tuliyosahau matete. Aliyebaki akaishi mpaka nilipoingia darasa la sita, siku moja tukamkuta anaelea, tumbo juu, ameshapauka. Nikajua yamekwisha. Nikaanza kukusanya madaftari yangu kwenye mfuko, maana mjomba alikuwa anategemewa wiki ile.

Bibi akamzika chini ya nyanya. Akanawa mikono. "Weka hayo madaftari," akasema. "Chukua ndoo, twende kisimani kama kila siku."

Maji ya shimo yalikuwa yameota ukijani, huoni chini. Bibi aliendelea kuyabadilisha. Ndoo moja atoe, ndoo moja aongeze, kwa shimo lisilo na kitu, na yeye magoti yameshaanza kumsumbua. Anamwaga pumba, na watu wakipita njiani anapaza sauti kwa Kiswahili: "Kuleni, watoto wa Serikali, msinisumbue!" Jirani wa turubai alijua siri, naye alikuwa akija kuchungulia na kusema kwa sauti, "Huyu wa kushoto amenenepa." Mjomba alikuja akaenda. Akaja tena akaenda.

Mara ya tatu hakuchungulia. Alichukua ndoo akakumba maji yote, mpaka turubai likaonekana. "Mama, samaki wako wapi?"

"Wako likizo," Bibi akasema. "Wafanyakazi wote wa Serikali wana likizo."

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Jioni ile ile nilikaa nyuma ya baiskeli, mguu huku mguu huku, nikaletwa Ruangwa. Darasa la sita sikulimaliza. Yaliyonikuta katika nyumba ile siyasemi yote. Mkono huu wa kushoto una kovu la uji wa moto, na aliyeumwaga ni mke wa mjomba, naye namtaja. Bibi alipofariki niliambiwa baada ya maziko, kwa sababu nani angebaki na watoto. Nimepona. Wengine waliolelewa hivyo hawakupona.

Mwaka juzi nilipita Lionja. Jiko halipo, shimo limefukiwa na mvua, mikorosho ya mama mjomba aliiuza na mwenyewe ameshazikwa. Jirani na watu wake walirudi kwao, sijui kama turubai walilibeba. Kisimani kumeota matete, wanawake wanachota bombani.

Darasa la sita miezi ile tulikuwa tunafundishwa kuandika barua, anwani juu, tarehe, salamu, na jina lako chini. Ndiyo elimu niliyonayo, na ndiyo ninayokuandikia. Dawati langu lilikuwa la dirishani, upande wa njia ya bondeni. Nikiinua kichwa kwenye daftari nilikuwa namwona Bibi anapanda taratibu, ndoo kichwani, mkono mmoja kiunoni, anapeleka maji kwa samaki ambao hawakuwepo.