Kornel Mihambo Alitaka Kulala Zizini

Alipokufa Kornel Mihambo, mfugaji wa Kwihara, watu walianza kumpenda ghafla. Mapenzi yenyewe yalimiminwa kwa kipaza sauti tangu asubuhi, mbele ya turubai jeupe lililokodiwa mjini. Koleta, binti yake mkubwa, alikuwa nyuma ya nyumba akisonga ugali wa msiba, na kila sifa ilipotamkwa aliinua shingo kumtazama mwenye kuitamka.

"Mzee wetu alikuwa nguzo," alisema Uwesu, mwenyekiti wa kitongoji. "Lambo lile mnaloliona, tulilichimba naye bega kwa bega."

Tunu, jirani yake Koleta, alikuwa akipuliza moto upande wa pili wa sufuria. "Bega la nani, Mama Jenifa? Huyo mwaka ule si alikuwa anauguza kidole?"

"Kidole kilimuuma kiangazi chote," Koleta akajibu. "Mvua iliponyesha na lambo likajaa, kikapona, akaja kunywesha mbuzi wake."

Tunu akacheka ndani ya khanga, kwa kuwa msibani hakuchekwi wazi.

Kornel hakuwa nguzo. Alikuwa mtu mkaidi, mchache wa maneno, anayenuka ng'ombe hata siku ya Pasaka. Babu yake aliwahi kubeba pembe za ndovu za watu kwa miguu hadi pwani, enzi za misafara, akarudi na kovu begani na shanga zisizojaa kiganja. Kornel alikua akilitazama kovu lile, akaapa kwamba mzigo wake yeye utajibeba wenyewe kwa miguu minne. Akamchungia ng'ombe mjomba wake mpaka sauti ikamkatika, akalipwa mtamba mmoja, mwembamba kama mguu wa bata. Watu wakamcheka. Mtamba akazaa, akazaa tena, na waliocheka wakaanza kuja kuomba maziwa.

Naye aliwapa. Hapo ndipo Koleta alipokuwa hamwelewi baba yake. Nyumba yenye watoto wenye njaa haikukosa ng'ombe wa Kornel: mtunze, kunywa maziwa, samadi peleka shambani, akizaa wa pili huyo ni wako. Karibu nusu ya waliokaa chini ya turubai walikuzwa na maziwa hayo. Wengi wao hawakuwahi hata kumletea mzee kibuyu cha maji alipolala miezi ile ya mwisho. Leo walikuwa wamevaa vitenge vipya, wanajifuta macho yaliyo makavu.

Koleta mwenyewe aliporudishwa na mumewe, akiwa na mtoto mgongoni na sufuria mbili mkononi, kijiji kilitoka kumtazama kama gwaride. Kornel alikuwa zizini akikamua. Hakusimama. Alisema tu, "Ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini. Shika ndama huyo." Koleta akashika ndama. Suala lake halikujadiliwa tena nyumbani mle, na aliyejaribu kulijadili kisimani alipata habari zake kwa mzee.

Sasa huyo mzee alikuwa ndani ya sanduku sebuleni, na jambo lililomkosesha Koleta raha lilikuwa moja tu: atalazwa wapi.

Masika yaliyopita, wakikamua, Kornel alikuwa amegonga ardhi kwa fimbo, katikati ya zizi. "Mimi mnilaze humu. Baba yangu alilazwa zizini, na baba yake. Ng'ombe wakipita juu yako, ujue hujasahauliwa."

"Baba, siku hizi watu wanazikwa makaburini."

"Siku hizi watu wanakufa bila ng'ombe. Ngozi ya dume waliyoviringiwa wao acheni, sanduku halina neno. Padri naye aje asali, nitamsikia. Ila nisilazwe kando ya barabara kama duka."

Amon, kaka wa pekee wa nyumba ile, alikuja kutoka Dar es Salaam na maoni mengine. Huyu ndiye aliyesomeshwa kwa madume manne ya Kornel na ambaye, akiwa na wenzake mjini, alisema baba yake ni "mwekezaji wa mifugo". Alipoambiwa habari ya zizi alimtazama dada yake kama mtu aliyeombwa ale nyasi.

"Zizini? Dada, nina wageni wanatoka wizarani. Wakanyage mavi?"

"Ni samadi, Amon. Ndiyo iliyokulipia ada."

"Mzee anastahili heshima. Nimeshaongea na fundi. Vigae, picha yake kubwa, pale mbele, gari likipita lione."

Pale mbele palikuwa bondeni, kando ya barabara wanayopita wageni kwenda kuitazama nyumba aliyowahi kukaa mzungu mmoja zamani. Koleta alifungua mdomo. Amon akamshika bega, akashusha sauti.

"Na lile suala la Jenifa ninalo. Kuna hospitali moja wanahitaji wauguzi. Nikirudi tu, nalishughulikia."

Koleta akafunga mdomo. Jenifa alikuwa amemaliza chuo cha uuguzi mwaka wa pili sasa, na cheti chake kilikuwa chini ya godoro, kinalaliwa. Mama mwenye binti wa namna hiyo humeza mengi. Usiku humeza tena.

Basi vijana wakaanza kuchimba bondeni. Hapa ndipo Koleta alipowadharau wote kwa pamoja, mkubwa na mdogo. Maana hakukuwa na mtu wa Kwihara asiyejua kuwa mwezi wa tatu kama huu bonde lile hutoa maji ukilikuna kwa ukucha. Watoto huchimba vishimo pale wakacheza kisima. Wachimbaji walijua, wazee walijua, Uwesu alijua kuliko wote, kwa kuwa alipanda mpunga hapo miaka mitatu. Lakini Amon alikuwa amegawa soda, tena baridi, na kila mmoja alikuwa na mtoto wa kumwombea kazi kwake.

"Bosi kasema hapo, ni hapo," Uwesu alisema alipoona udongo unaanza kung'aa.

"Mwenyekiti, si ulivuna mpunga hapa?" akauliza mchimbaji mmoja.

"Wewe chimba. Ulisikia mpunga umelalamika?"

Saa ya kuzika ilipofika, sanduku likabebwa, kwaya ikaimba, watu wakashuka bondeni kwa mpango mzuri, wageni wa Amon mbele na viatu vyao. Walipofika ukingoni, wimbo ukakatika kwa vipande, sauti ya kwanza kwanza, besi mwishoni. Kaburi lilikuwa na maji kufikia kiunoni. Rangi ya chai ya maziwa. Chura mmoja alikuwa ameshahamia.

Wachimbaji walitazama majembe yao. Padri alitazama mawingu.

"Tafuteni pampu," Amon akasema.

"Pampu ipo Ng'ambo, kule mjini, bosi," Uwesu akasema. "Ila tukijaza mawe chini, halafu zege kidogo, sanduku litakaa juu juu. Halitalowa sana."

Halitalowa sana. Koleta alisikia maneno yale yakimpanda miguuni kama baridi. Mtu aliyewanywesha maziwa watu hawa miaka hamsini, wanapimiana atalowa kiasi gani. Akamtafuta Jenifa kwa macho. Binti alikuwa amesimama nyuma, kashika shada, anamtazama mama yake, wala haangalii kaburi. Akajua akisema, cheti kitabaki chini ya godoro. Akajua pia kwamba akinyamaza, kila masika atalala akisikia mvua.

"Mrudisheni juu," akasema.

Amon akageuka. "Dada, tafadhali."

"Baba alisema zizini. Alinionyesha kwa fimbo. Nilinyamaza kwa sababu nina mtoto anayetafuta kazi, na hawa wamenyamaza kwa sababu wana watoto wanaotafuta kazi. Wewe ulinunua kimya chetu kwa soda. Mimi yangu nimeshaimaliza. Mrudisheni juu."

"Wageni hawa..."

"Wageni wavue viatu."

Mmoja wa waliobeba sanduku, mwanamume wa makamo ambaye watoto wake walilelewa kwa ng'ombe wa Kornel, akageuka bila kumtazama mtu. Sanduku likageuka naye, kwa kuwa hakuna anayeweza kuacha sanduku liende upande mmoja. Kwaya ikafuata. Wachimbaji wakakimbia mbele na majembe, wepesi ajabu sasa. Uwesu akatangaza kwamba hata yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na bonde lile.

Tunu akamwambia, "Mwenyekiti, nyamaza kidogo, kidole kisije kikaanza."

Amon alimfikia dada yake kwenye mlango wa zizi. Suruali ilikuwa na tope hadi magotini. "Ukifanya hivi, yale ya Jenifa usinitafute tena."

Neno hilo lilimwingia Koleta. Jenifa ndiye aliyejibu. Alikuwa ameshaweka shada chini na anavuta miti ya mlango ili ng'ombe watoke.

"Mjomba, sogea hapo," alisema kwa adabu. "Huyu dume hapendi watu waliosimama njiani."

Amon akasogea.

Zizi lilikuwa juu, na ardhi yake kavu chini ya samadi ya miaka. Jembe liliingia kwa urahisi. Padri alisali akiwa amekunja kanzu. Wageni wawili walibaki garini. Wengine walikanyaga, wakaishi.

Jioni turubai lilikunjwa, Amon akaondoka bila kuaga, na watu wakatawanyika wakisifiana kwa mazishi mazuri. Koleta na Jenifa walikwenda kuwaleta ng'ombe. Njiani Koleta alikuwa akihesabu moyoni milango mingine ya kubisha: hospitali ya misheni, zahanati za huko Isikizya, mtu fulani aliyewahi kumjua mtu. Hakuona mlango.

"Mama, unawaza," Jenifa akasema.

"Siwazi. Natembea."

Mlangoni pa zizi ng'ombe walisimama. Walinusa udongo mpya, wakakoroma, wakarudi nyuma. Jenifa hakuwapiga. Walisubiri wote, mama, binti na kundi, mpaka dume akainamisha kichwa, akapita juu ya tuta taratibu kwa uzito wake wote, na wengine wakamfuata. Koleta akarudisha miti ya mlango, mmoja mmoja, akaenda kuosha vibuyu vya kukamulia.