Mtoto Mmoja kwa Kila Nyumba

Jina lake la kuzaliwa sikulijua hadi siku nilipomsindikiza wodini na nesi akamwuliza. Kabla ya hapo, na hata baadaye, sisi wa chumba cha kufulia tulimwita Mama Pacha. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na sauti nzito, na alipocheka alijishika kiuno kana kwamba anazuia kitu kisidondoke. Tulifua mashuka ya hospitali, katika jengo la nyuma lililopakana na jiko. Yeye alikuwa kwenye mashine ya kunyooshea, lile dude lenye magogo ya chuma yanayozunguka yakiwa ya moto. Alilisha shuka bichi upande wake, nami nililipokea upande wangu likiwa limenyooka na kukauka. Ukifanya kazi hivyo na mtu kwa miaka, unajua hata siku aliyoamka vibaya kabla hajafungua kinywa.

Mumewe alikuwa fundi wa matairi. Alikwenda kutafuta kazi mji mwingine mapacha wakiwa bado wanatambaa. Mwanzoni alituma salamu, halafu salamu nazo zikakata. Mama Pacha hakumlaani. Akiulizwa alisema, "Bado yuko njiani," nasi tulicheka kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza kucheka.

Mapacha wenyewe walikuwa wasichana, na hawakufanana hata kwa ukucha. Wa kwanza tulimwita Kasuku. Akitoka shule alipitia kwetu, na kabla hajatua begi alikuwa ameshamwigiza mwalimu mkuu, mwenye duka na msimamizi wetu, tena msimamizi akiwa amesimama nyuma yake. Alisoma kila kilichokuwa na herufi: vibandiko vya dawa za madoa, magazeti yaliyofungia sabuni, maonyo yaliyobandikwa ukutani ambayo sisi tulishasahau kama yapo. Wa pili tulimwita Taratibu. Huyo alikuja nyuma ya mwenzake, akaketi juu ya furushi la mashuka karibu na mama yake, akatulia. Hakuwa mjinga, msinielewe vibaya. Ulimwuliza leo, akakujibu kesho. Alipenda watoto wachanga na aliwaogopa watu wazima, na pakiwa na kelele alishika pindo la gauni la mama yake hata alipokuwa msichana mkubwa.

Walipokuwa mwaka wa mwisho wa shule ya msingi, kilitokea kichama kimoja cha ng'ambo. Kilikuwa cha wazee wastaafu waliouza keki na nguo kuukuu huko kwao ili wasomeshe watoto wasiowajua. Hapa kwetu kiliwakilishwa na mwanamke mmoja tu, mratibu, aliyekuwa na chumba nyuma ya duka la madaftari. Walimu walimpa majina ya watoto wa nyumba zenye shida, naye alitembelea kila nyumba kwa miguu.

Siku mratibu alipokuwa anakuja kwa Mama Pacha, mwenzangu aliniomba nije. "Njoo uone furaha yangu kwa macho yako," aliniambia, "nisije nikakusimulia ukadhani naota." Chumba chao kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Mratibu alikalia kiti, mwalimu wa darasa akakalia ndoo iliyopinduliwa, sisi tukabanana kitandani.

"Mwalimu amempendekeza Kasuku," mratibu alisema. "Maksi zake zinajieleza. Lakini mzazi ndiye anayetia sahihi, kwa hiyo nakuuliza wewe."

"Hakuna namna ya kuwachukua wote wawili?"

"Hakuna, mama. Mtoto mmoja kwa kila nyumba. Niliwaeleza kuwa ni mapacha, wakasema wakilegeza kwa mmoja watashindwa kuwakatalia wengine."

Mama Pacha aliwatazama binti zake, mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu hata mwalimu akaanza kukohoa. Kisha akasema, "Mwandike Taratibu."

Mwalimu alidhani amechanganya majina. Akamrekebisha kwa upole.

"Sijachanganya, mwalimu. Kasuku hata umtupe jangwani atarudi na ndoo ya maji. Huyo atasoma tu, kwa njia yoyote. Mwaka mmoja nijibane, nitampeleka mwenyewe. Lakini huyu mwenzake nikimwacha, nani atamshika mkono?"

"Mimi sitaki kwenda, mama," Taratibu alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini sote tulisikia.

"Utapenda ukifika," mama yake akamjibu.

Kasuku ndiye aliyetuokoa siku ile. Alimkumbatia pacha wake shingoni, akasema, "Nenda bwana. Likizo utanifundisha na mimi." Hakuwa na kinyongo. Alimwamini mama yake kama watoto wanavyoamini kuwa kesho kutakucha.

Tulipokuwa tunatoka, mwalimu alinivuta kando, akaniomba nizungumze na mwenzangu. Nilizungumza naye. Mama Pacha alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, wewe unahesabu nani atafika mbali. Mimi nahesabu nani atazama."

Taratibu akaenda bweni. Mama Pacha akaanza kujibana kama alivyoahidi. Aliomba zamu ya pili, akawa anaingia asubuhi na kutoka giza limeshaingia, macho yamemwiva. Nilimwambia apumzike. Alinijibu kwamba atapumzika Kasuku akishavaa sare. Miezi ikapita hivyo. Kasuku alibaki nyumbani akisomasoma vitabu vya kuazima, akipika, akimsubiri mama.

Ajali ilitokea mchana, kwenye mashine yetu. Shuka lilijikunja, Mama Pacha akanyoosha mkono kulivuta, kitu ambacho tulikatazwa na ambacho sote tulikuwa tukikifanya. Usingizi ulimpunguzia wepesi. Niliona shuka likija upande wangu na doa ambalo halikupaswa kuwepo, ndipo nikasikia ukelele wake, nikapiga kitufe cha kuzima mashine. Tulimpeleka wodini kwa mkokoteni uleule wa mashuka.

Mkono ulipona kwa maana ya hospitali, yaani kidonda kilifunga. Vidole vilijikunja kuelekea kiganjani na havikufunguka tena. Msimamizi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikubali Kasuku ashike nafasi ya mama yake kwa muda. Msichana alikuwa hajafikisha umri wa kuajiriwa, msimamizi akafumba macho. "Mpaka mama apate nafuu," alisema. Sote tulisema hivyo. Kasuku mwenyewe alisema hivyo, huku akijifunga aproni ya mama yake iliyomzunguka mara mbili.

Miezi ya kwanza alitufurahisha. Aliigiza madaktari, akatupa majina ya utani, akasoma kwa sauti kila kipande cha karatasi alichokikuta mfukoni mwa koti jeupe. Likizo zilipofika, pacha wake alirudi na kazi moja iliyomtoa jasho, nayo ilikuwa kumwandikia mfadhili. Mfadhili wa Taratibu alikuwa seremala mstaafu, mjane, aliyemtumia kadi zenye picha za ndege. Taratibu aliweza kukaa mbele ya karatasi asubuhi nzima na kuandika salamu tu. Basi Kasuku alimtungia, naye akanakili. Alibuni habari za bustani ya shule, za mwalimu mwenye viatu vinavyolia, za mvua iliyoingia darasani. Hakuwahi kuikanyaga shule ile.

Siku moja lilikuja jibu, na Kasuku akatusomea chumbani kwao, mama yake na mimi tukiwepo. Mzee yule alisema amewasomea majirani zake wote barua hizo. Alisema mjukuu wake wa mbali, ndivyo alivyomwita Taratibu, ana kipaji, na kama Mungu akimpa uhai atasaidia asome hata chuo kikuu, kwa kuwa mtu anayeandika hivi hapaswi kupotea.

Kasuku alisoma mpaka mwisho bila kutetereka. Akaikunja barua, akamrudishia pacha wake.

"Safari ijayo andika mwenyewe," alisema.

"Siwezi," Taratibu akasema. "Unajua siwezi."

"Wewe ndiye unayesoma."

Mama Pacha alijaribu kufanya mzaha, akasema kasuku naye siku hizi anadai mshahara. Hakuna aliyecheka. Kasuku alichukua ndoo akaenda kuteka maji, ingawa mapipa yalikuwa yamejaa.

Tangu hapo alibadilika. Hakuwa na jeuri, na bora angekuwa nayo. Alikuja kazini kwa wakati, akasalimia, akafanya kazi. Uigizaji ulikwisha. Mashuka makubwa ya chumba cha upasuaji tulikuwa tukiyakunja watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, mnasogeleana, mnakutanisha ncha, mnaachana tena. Wengine tunapokutana katikati huambiana neno, japo la kipuuzi. Kasuku alinitia ncha mikononi bila kuniangalia, akarudi nyuma. Nilimwuliza kama ana tatizo. "Hapana, mama mdogo," akasema. Aliniita hivyo siku zote, kwa heshima.

Kule bweni mambo yalikuwa yakiharibika. Taratibu alishindwa mtihani, akashindwa tena. Kila likizo alirudi amepungua, na usiku wa kuamkia safari alitapika. Mama yake alimbembeleza na kumpa moyo. Alikuwa ameshalipa gharama kubwa mno kwa uamuzi ule, hakuweza kuuangalia usoni.

Kisha mratibu akaja. Hakukalia kiti safari hii. Alieleza kwamba yule seremala amefariki, na kwamba wazee wa chama wamebaki wachache, wengine hawatoki hata nyumbani. Walichobakiwa nacho kitawamalizia watoto wenye matokeo mazuri tu. Taratibu hakuwemo.

"Basi mchukueni Kasuku," Mama Pacha alisema haraka, kama aliyekuwa ameyaweka maneno hayo tayari chini ya ulimi. "Nafasi ni ya nyumba hii. Mtoto mmoja kwa kila nyumba, si ndivyo? Mnamtoa mmoja, mnamwingiza mmoja."

"Mama, hawachukui wapya."

"Si mpya huyo. Ni yuleyule uliyemtaka wewe. Wewe mwenyewe ulikaa hapa ukamtaja kwa jina."

Mratibu alianza kulia. Alisema yeye ni tarishi tu, anabeba maneno ya watu. Alisema nyumba ile haijawahi kumtoka akilini. Mama Pacha alimtazama analia, asimwambie nyamaza wala lia. Nilimpa mgeni kitambaa, nikamsindikiza hadi barabarani.

Taratibu alirudi na sanduku lake la bati. Siku nyingi hakutoka nyuma ya pazia. Mama yake alimpikia anachopenda, akamwambia kufeli si kufa. Ndipo binti yule mpole, ambaye sijawahi kumsikia akimpandishia mtu sauti, akasema kwa sauti yake ileile ndogo, "Nilikwambia sitaki. Nilisema mbele ya watu. Hukunisikia kwa kuwa ni mimi niliyesema." Muda si mrefu alichukuliwa na shangazi yao wa mji mwingine, amsaidie kulea watoto. Nasikia huko anapendwa. Salamu huleta kupitia kwa watu, na mama yake akisema anataka kwenda kumwona, hujibiwa kwamba asijisumbue, safari ni ndefu na mkono wake unauma.

Yule mwalimu wa darasa hakuwasahau. Juzijuzi alinitafuta kazini, akaniambia kuna masomo ya jioni kwa watu wazima wanaofanya kazi, na kwamba amemwombea Kasuku nafasi. Nilikwenda kwao siku hiyohiyo, nimejaa furaha ya kijinga. Kasuku alikuwa ndio kwanza ametoka kazini, anamkanda mama yake mkono kwa maji ya moto.

"Mshukuru mwalimu, mama mdogo," aliniambia nilipomaliza. "Nafasi ampe mtu mwingine."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nimechoka."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekataa kuongezewa chakula.

Mama yake aliutoa mkono majini. "Nisamehe," alisema. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa katika chumba kile. "Nilikukosea, mwanangu. Nilidhani utajiweza."

"Hujanikosea, mama. Najiweza."

Akaurudisha mkono wa mama yake ndani ya beseni, akaendelea kuukanda, kidole kimoja kimoja, kwa uangalifu ambao sijauona hata kwa manesi. Kisha akaenda kumwaga maji na kulala nyuma ya pazia. Jua lilikuwa bado halijazama.

Nilibaki na Mama Pacha. Nywele zimemwisha mbele, mabega yale mapana yamesinyaa, na siku hizi akicheka, ikitokea, hacheki kwa sauti. Aliegemeza kichwa ukutani.

"Dada," aliniuliza kwa sauti ya chini, ili asisikike nyuma ya pazia, "ungekuwa wewe, ungemchagua nani?"

Nilimwambia sijui. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia kitu. Aliitikia kwa kichwa, akaniomba nimfungie dirisha kwa sababu upepo ulikuwa unaingia.