Mkono wa Kung'oa

Zunilda Carreño ni mtu wa nyanya. Hakuolewa, hakuzaa, hakuwahi kufika mbali kuliko mji wa Rancagua, lakini nyanya zake za rangi ya waridi, zenye ganda laini hata kisu hakihitajiki, zinajulikana kijiji kizima cha Los Maquis. Mbegu aliachiwa na mama yake, ambaye Zunilda mwenyewe alimuuguza mpaka siku ya mwisho. Mimi ni jirani yake kwa miaka thelathini, ua wa miiba tu ndio unaotutenga, na ukweli nausema: Zunilda ana wema na ana kijicho. Vyote viwili hukaa kwake bila kugombana.

Kila Novemba bustani yake hubadilishwa kwa siku moja. Njegere zimeanza kukauka kuanzia chini, saladi imerefuka na kuwa chungu, giligilani imetoa maua. Vyote hutoka ili nyanya, pilipili, mrehani na mahindi viingie kabla jua la kiangazi la Desemba halijawa kali. Majirani tunakwenda kusaidia, na kazi hugawanywa kwa mkono. Mwenye mkono mzuri hupanda. Mwenye mkono mbaya hung'oa, na miche haisogelei.

Mwenye mkono mbaya alikuwa Otilia, mdogo wake Zunilda. Hakuzaliwa nao. Alirudi kijijini miaka kumi na moja iliyopita baada ya kufiwa na mume, akapata kijumba chenye kiwanja kizuri, akamwomba dada yake mbegu za nyanya za mama. Kwetu mbegu hainyimwi. Anayenyima husemwa mpaka kaburini. Zunilda akachana kipande cha gazeti ambalo alikaushia mbegu, akampa. Otilia akasia, akamwagilia, akangoja. Hakikuota kitu. Mwaka wa pili akapewa tena, patupu. Mwaka wa tatu vilevile. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ujane umemkausha mkono, na yeye mwenyewe akaamini. Akawafungulia kuku bustani yake, na tangu hapo akawa wa kung'oa tu.

Na mimi nilinong'ona. Sijivui lawama.

Novemba iliyopita ilikuwa ya mwisho kwa Otilia. Goti lilimshinda, na binti yake alikuwa anakuja Jumapili kumchukua wakaishi wote Rancagua, ghorofa ya nne. Ijumaa asubuhi tulikuwa watatu bustanini. Otilia alikaa kwenye kigoda, anang'oa njegere na kunichokoza.

"Nolfa, hicho kiuno umekiazima wapi? Kinalia kama mlango wenye kutu."

"Ng'oa, mama. Mdomo wako ungekuwa jembe, tungemaliza tangu juzi."

Zunilda hakucheka. Tangu tufike alikuwa anazunguka na kisanduku cha miche mikononi, hajui akiweke wapi. Mwishowe akakiweka miguuni pa mdogo wake.

"Panda hii," akasema.

"Dada, jua limekupiga? Mimi na miche wapi na wapi. Februari utakula nini?"

"Kumi na miwili tu."

"Sitaki kukuharibia. Mwambie Nolfa."

"Nimesema panda, Otilia."

Otilia akanitazama, nami nikainua mabega. Akafuta mikono kwenye aproni, akaushika mche wa kwanza kama mtu aliyepewa yai la mwenziwe. Akaufukia, akaubonyeza udongo kwa vidole viwili, vilevile alivyokuwa akifanya mama yao. "Usinifie, mwanangu," akauambia. Akakisogeza mbele kigoda, akapanda wa pili. Alipofika wa kumi na mbili jasho lilikuwa linamtiririka na uso umemng'aa, na niligundua kwamba nilikuwa nimeusahau uso ule.

Hapo ndipo Zunilda aliposema, macho yake yakiwa chini.

"Zile mbegu nilizokupa, nilizipitisha kwenye tanuri."

"Tanuri gani?"

"La mkate. Mikate ikishatoka, naweka karatasi ndani, nafunga mlango. Mara zote tatu."

Otilia alikuwa bado ameshika kikopo cha maji. Akakiweka chini polepole.

"Kwa nini, dada?"

"Wewe ulipata mume, ukapata watoto. Na mama kila siku: Otilia ndiye mwenye mkono, Otilia ndiye mwenye mkono. Mimi nilikuwa na nyanya. Ungezipata na hizo, mimi ningebaki na nini?"

Nilitamani kummwagia maji ya ndoo yote. Kisha nikakumbuka nani alikuwa akinong'ona, nikainama kwenye njegere zangu.

Otilia alijitazama mikono, mgongoni na viganjani. Aliposema, hakupandisha sauti.

"Maira alipozaliwa nilikataa kumbeba. Mjukuu wangu wa kwanza. Nilimwambia mama yake nina mafua. Niliogopa nitamkausha."

Zunilda alianza kulia. Otilia hakumnyamazisha.

"Ungeniambia nikiwa na udongo," akasema. "Sasa unaniambia wakati naenda kukaa ghorofani."

Akaomba fimbo yake, akaenda zake. Mkate na sufuria ya njegere tuliyokuwa tumeiandaa kwa ajili ya wote watatu vikabaki mezani.

Jumapili Zunilda alisimama langoni kwa mdogo wake na kipande cha gazeti, mbegu zimegandia juu yake, hazijapita tanurini. Otilia alikipokea, kwa kuwa mbegu haikataliwi pia. Akakitia mfukoni bila kukitazama, akaingia garini.

Sasa ni Februari. Zunilda amenigawia nyanya, amemgawia padri, amewagawia hata watu asiosemezana nao. Zile za mstari wa Otilia anazichuma lakini hazili. Nimemwona, ua wa miiba ukiwa katikati yetu. Kila asubuhi hupita pale, huinua matawi yaliyoelemewa, huyafunga kwenye vijiti, huihesabu mimea kwa kidole. Katika ile aliyopanda kwa mkono wake mwenyewe, mitatu ilinyauka kabla ya Krismasi. Ya Otilia iko yote kumi na miwili.