Ziara Nne Nyumbani kwa Ketty

Sheryl Awuor alivuka mpaka wa Busia akiwa na miaka ishirini, akaenda Mbale, Uganda, kusomea uuguzi, na tangu siku hiyo alikuwa na bidii ya kila kitu isipokuwa uuguzi. Alijua ni kibanda kipi pale Nkoma kinachoviringisha chapati na mayai vizuri, zile roleksi ambazo unakula mbili ukajilaumu kwa ya tatu. Alijua nani anapika malewa, machipukizi ya mianzi kwenye mchuzi mzito wa karanga, na siku gani ya wiki ni ya kuyafuata. Maporomoko ya Sipi alikuwa ameyatembelea mara tatu, moja kati ya hizo ikiwa siku ya kipindi cha magonjwa ya wajawazito. Picha alizopiga zilikuwa nyingi kuliko kurasa alizosoma, na watu wa kwao Ahero walizipenda zote.

Baba yake alikuwa amekwisha kutangaza kanisani kwamba binti anamaliza mwaka huu. Chuo kilikuwa na habari nyingine. Awuor alikuwa amefeli kazi ya ziara za nyumbani mara mbili, na Madam Nanyama, mwalimu wa somo hilo, alimwambia bila kupandisha sauti kwamba ya tatu ndiyo ya mwisho. Akikosa hii, hakuna mtihani, na asiyefanya mtihani anafunga virago.

Kazi yenyewe haikuhitaji akili nyingi, ilihitaji miguu. Kila mwanafunzi anapewa nyumba moja yenye mgonjwa au mjamzito, anaizuru mara nne katika siku kumi na tatu, anapima presha, anauliza juu ya chakula na usingizi, anaandika katika daftari, na mwenye nyumba anatia sahihi chini ya kila ziara. Kurasa za daftari zina namba na muhuri. Ukichana mmoja, halipokelewi. Sheria hizo zililetwa na wanafunzi wa zamani waliokuwa wakizuru wagonjwa wao kitandani, yaani wao wenyewe wakiwa kitandani.

Awuor alipewa nyumba ya Afande Taban, askari magereza kutoka Koboko, mbali kaskazini, katika kota za askari. Alipewa yeye kwa sababu moja tu: Taban na mkewe Ketty hawakujua Lugisu, lugha ya wenyeji wa Mbale, na darasa zima hapakuwa na mwingine ambaye Kiswahili kilimtoka bila kukuna kichwa. Ketty alikuwa na mimba ya miezi minane. Alipomwona msichana amevaa sare nyeupe, anazungumza lugha anayoielewa, alifurahi hadi akamtandikia shuka safi kwenye kiti. Tangu hapo alimwita sista, kama muuguzi aliyehitimu, na Awuor, ambaye bado hajawa sista wa mtu yeyote, hakumkatalia. Neno lenyewe lilikuwa tamu.

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya kabla ya Jumapili ya Matawi, na ziara hiyo aliifanya kweli. Presha ilikuwa mia na arobaini kwa tisini. Miguu ilivimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Ketty alisema kichwa kinamgonga tangu juzi, na kwamba Alhamisi alikuwa amepanga kwenda kliniki. Kuna ukurasa mzima katika kitabu cha uuguzi unaoeleza mwanamke wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asingoje hata chai. Ukurasa huo ulifundishwa siku ile Awuor alipokuwa Sipi.

Basi akamwambia ni uchovu wa mimba. Akamwambia pia asijisumbue na foleni ya kliniki, kwa kuwa Alhamisi yeye mwenyewe atakuja na kipimo, na presha ikiwa imepanda atamshika mkono ampeleke. Taban akatia sahihi, akaweka na namba yake ya kazi kama afanyavyo kwenye kitabu cha lango la gereza.

Jumatano rafiki yake wa darasani, Janepher, akamwalika kwao Mafubira, Jinja, wale Pasaka pamoja. Awuor alijiambia ataondoka Alhamisi jioni, akishamwona Ketty. Kisha Janepher akasema gari la mjomba linaondoka asubuhi, bure. Ilimchukua Awuor muda wa kufunga begi kuamua. Kipimo cha presha alikiweka humo humo, kati ya nguo za kuogelea, akisema asije akaibiwa chumbani.

Jinja ilimpokea vizuri, sitakataa. Siku hiyo ya Alhamisi alikula ndizi gonja za kuchoma kando ya barabara pale Bugembe, akala na mishikaki ya kuku, akapanda mashua kwenda kuona mahali Mto Nili unapotoka ziwani. Simu ya Ketty iliingia mara tatu, na mara tatu akaiacha ilie. Ya nne ilikuwa ujumbe: “Sister, kichwa inauma sana na macho inaona giza. Unakuja saa ngapi?”

Awuor aliusoma akiwa na mfupa wa kuku mkononi. Akajibu kwa dole gumba, asije akapaka simu mafuta: “Kesho, mum. Kunywa maji mengi, pumzika.” Ketty akajibu kwamba sawa, atangoja. Jirani mmoja alimsihi waende hospitali jioni ile, akamkatalia kwa upole, akamwambia sista wake amesema anakuja.

Ijumaa Kuu asubuhi Ketty alianguka karibu na jiko akaanza kutetemeka mwili mzima. Taban alikuwa zamu. Mpaka alipoitwa, mpaka gari likapatikana, ilikuwa imekwisha. Ketty alikufa kabla ya saa saba mchana, na mtoto tumboni mwake. Saa saba hiyo hiyo Awuor alikuwa ziwani, mbele yake samaki ngege mzima wa kukaanga, akimwambia Janepher amsogezee limau. Aliona kwamba simu haikulia tena, akashukuru. Alidhani mwanamke yule hatimaye ameelewa maana ya likizo.

Jumatatu ya Pasaka, baada ya chakula, akatoa kipimo awapime wenyeji. Baba yake Janepher akapimwa, shangazi akapimwa, watoto wakapanga mstari wakicheka. Wakamwita daktari. Alipoona kila mtu amefurahi, na yeye mwenyewe amefurahi zaidi, akaona ni wakati mzuri wa kumaliza kazi ya chuo. Akachukua daftari. Janepher ni msichana mzima wa afya, na presha yake ilikuwa mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Awuor aliigawia ziara mbili za Ketty: ya Alhamisi akaiongeza kidogo, ya Jumatatu akaiacha ilivyo. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa duara kwamba mama anaendelea vizuri, uvimbe umepungua, amekula wali, mtoto anacheza. Mwanamke aliyeandikiwa hayo alikuwa amezikwa Koboko jana yake.

Aliporudi Mbale, Jumanne alilala, Jumatano akanakili kazi ya somo jingine. Alhamisi ndiyo ilikuwa ziara ya nne, na daftari lilitakiwa mezani kwa Madam Nanyama saa kumi alasiri. Saa nne asubuhi alipanda boda hadi kota za askari, na mkononi alibeba samaki wawili wakavu kutoka Jinja wa kulainisha mambo. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Ketty atanung'unika kidogo, atapewa samaki, atatia sahihi tatu kwa mkupuo.

Nje ya nyumba aliona mabenchi ya kuazima, masufuria makubwa, na wanawake wawili wakiyasugua kwa majivu. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Taban alipotokea mlangoni, Awuor akamnyooshea mkono wote. “Hongera, Afande. Amepata nini?”

Wanawake wakaacha kusugua. Taban aliutazama ule mkono, kisha akautikisa, kwa sababu ni mtu mwenye adabu. Akamwambia Ketty amekufa, na mtoto amekufa, na yeye amerejea jana usiku kwa kuwa likizo ya msiba ni fupi. Alisema bila machozi. Yalikuwa yamekwisha Koboko. Kisha akaona daftari kwapani mwake, akaliomba.

Awuor angeweza kukimbia. Wapo ambao wangekimbia, na nisingewalaumu. Lakini alilitoa, na Taban akalifungua kwa uangalifu wa mtu aliyezoea rejista. Akafika ukurasa wa tatu, akasoma kwamba mama amekula wali na mtoto anacheza.

“Jumatatu wewe ilikuja hapa?”

“Hapana, Afande.”

“Alhamisi?”

“Hapana.”

“Mimi niliambia yeye twende hospitali. Ilikataa. Ilisema sister yake inakuja, hataki sister ikute nyumba tupu.”

Awuor alianza kulia, akaanza kuomba msamaha, akataja baba yake, akataja daftari la saa kumi, akataja mtihani, akasikia mwenyewe jinsi neno mtihani lilivyosikika mahali pale. Alijichukia, na haikumsaidia kitu. Taban alingoja amalize. Akavuta benchi moja, akamkalisha, akafungua ukurasa wa nne uliokuwa mweupe, akampa kalamu ya mfukoni mwake.

“Leo ndio umefika kweli,” akasema. “Andika ya leo. Mimi nitasoma maswali.”

Akasoma maswali yaliyochapwa ukurasani moja baada ya jingine, polepole, kidole kikifuata mstari, na majibu akayatoa yeye mwenyewe. Presha: hakuna. Chakula: hakuna. Usingizi: hapo alisita, akasema aandike hakuna pia. Mtoto anacheza: hakuna. Awuor aliandika yote. Machozi yaliangukia karatasi, na Taban akaifuta kwa upande wa kiganja, wino usiharibike. Mmoja wa wale wanawake alisimama akaingia ndani, hakuweza kuangalia.

Ilipokwisha, Taban akatia sahihi ukurasa wa nne na namba yake ya kazi. Zile kurasa mbili za katikati aliziacha bila sahihi, akaeleza kwamba siku hizo hakuona mtu. Akahesabu kurasa zote kwa namba, kuhakikisha hakuna uliochanika, akafunga daftari, akampa kwa mikono miwili.

“Mwalimu yako inangoja saa kumi,” akasema. “Enda mapema. Na asante kwa kuja, sister.”