Kandili Iliyobaki Msumarini

Ukitaka kugombana na Mzee Kina, muulize "kwa nini". Mengine yote anayavumilia: magoti yanayolia kila akiinuka, chai iliyopoa, hata majirani wanaomtania kwamba amekaa chini ya ardhi miaka mingi hadi kaburi litampokea kama mwenyeji. Lakini swali hilo, lo! Uso unakunjamana, fimbo inagonga sakafu, na jibu ni lile lile la siku zote: "Tazama. Ukiuliza, ina maana hukutazama."

Alikuwa mchimba visima, mtoto wa mchimba visima. Jina la Kina alipewa na wateja, maana alikuwa akisimama kwenye ardhi kavu, anapiga kisigino mara mbili, kisha anakutajia maji yako futi ngapi. Mara nyingi alipatia. Alipokosea aliilaumu ardhi.

Kazi alifundishwa na baba yake, tena kwa macho tu. Kamba unaifunga mwenyewe, humwachii mtu akufungie. Kisimani huingii na hasira. Na kabla hujatanguliza mguu, unawasha kandili, unaishusha hadi chini, unahesabu mpaka mia, unaivuta, unaitazama, ndipo unashuka. Siku moja, bado mdogo, aliuliza kandili ya nini na jua linawaka. Alikula kofi lililomfunga mdomo miaka kumi na tano.

Jibu alilipata ukubwani. Walikuwa kwenye kisima cha zamani kilichofunikwa muda mrefu, na kandili ikarudi imezimika. Wakaiwasha, ikarudi imezimika tena. Baba yake akaomba kuku kwa mwenye nyumba, akamtia kwenye ndoo, akamshusha. Kuku alirudi shingo imelegea.

"Umeona?" baba akasema.

"Nimeona."

"Basi. Hilo ni la kwetu, halitoki nje."

Hivyo ndivyo alivyojua kwamba huko chini hewa huweza kuharibika hata isifae kuvutwa, na kwamba moto hufa kabla ya mtu. Wachimbaji wengine walifia visimani, watu wakasingizia majini na uchawi, na wao wawili, baba na mwana, wakaenda mazikoni na kutoa pole kama kila mtu. Siri hiyo Mzee Kina aliionea fahari. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: aliionea fahari kweli.

Mwanawe alikuwa mtu wa vicheko, mikono myepesi, hana makuu. Alijifunza kama alivyofunzwa baba yake, kwa kutazama. Bahati mbaya, kama hiyo ni bahati, miaka yote waliyofanya kazi pamoja kandili haikuzimika hata mara moja. Kijana akajijazia maana mwenyewe. Akaamini kwamba babu na baba walikuwa wakiangalia nyoka.

Mzee alipostaafu kwa ajili ya magoti, mwana akarithi kamba, sululu na ndoo. Baada ya mwaka akaja nyumbani na tochi kubwa ya kuchaji, anaimulika ukutani kama mtoto.

"Baba, ona mambo haya! Hata mende akiwa chini namhesabu miguu."

"Haya, fundi wa kisasa," mzee akasema, akacheka. Alidhani tochi imeongezwa. Hakujiwa kabisa na wazo kwamba kandili imestaafu pamoja naye, inaning'inia kwenye msumari wa stoo na buibui wameshajenga.

Asubuhi aliyokufa, mwana aliamka anasema kichwa kizito. Mkewe alikuwa anafua. "Nenda tu," alimwambia, "ukilala ndani ndiyo utaumwa zaidi." Akaenda. Kilikuwa kisima cha kusafisha, kimefunikwa kwa zege tangu kiangazi cha mwaka uliopita. Alimulika chini, akaona pako shwari, akashuka. Wenzake waliokuwa juu walimwita mara moja, mara mbili, hawakupata jibu. Waliomvuta kwa ndoana walisema tochi ilikuwa bado inawaka kifuani pake.

Mzee Kina alifika akiburuta miguu. Aliitazama ile tochi. Akauliza kandili iko wapi, na hakuna aliyejua anazungumzia nini. Hapo hapo alielewa yote, tangu mwanzo hadi mwisho, na midomo yake ikafunguka. Kisha mtu mmoja akasema, "Ni moyo huo, alikuwa hajisikii tangu asubuhi," na mzee akaifunga.

Moyo, basi. Watu wakazika moyo.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mkwe wake hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, alijikaza kisabuni, lakini kila baada ya siku chache, akiwa anachambua mchele au anakunja nguo, lingemtoka: "Angelala siku ile. Mimi ndiye niliyemwambia aende." Mzee alikuwa palepale, anakula chakula alichopikiwa na mikono ile ile. Alikuwa akisema, "Mungu ndiye ajuaye, mwanangu," kisha anasogeza sahani. Jamani, kuna watu wana roho ngumu. Au pengine haikuwa ngumu. Ilikuwa na woga tu, woga wa mtu mzima ambaye hajawahi kusema nimekosa.

Sasa mjukuu ana miaka ishirini. Amemaliza shule, amezunguka kutafuta kazi hadi soli zimetoboka, na juzi amepatana na mwenye nyumba mmoja mtaa wa juu: kisima cha zamani, kimefunikwa, kinataka kuzibuliwa. Leo asubuhi ametoka stoo na kamba ya baba yake begani na tochi ya baba yake mkononi. Mama yake anaosha vyombo uani. Mzee yuko kwenye kigoda chake.

"Chukua kandili," mzee akasema.

"Ya nini, babu? Tochi si hii hapa."

"Chukua. Usiulize."

Kijana akacheka, kicheko cha baba yake mtupu. "Babu naye! Zama hizo zimepita." Akaanza kwenda.

Mzee Kina alimwona mgongo. Ile kamba, lile bega, ule mwendo wa kurusha miguu. Alijua akilisema atalisema mbele ya mama yule, na akinyamaza atavutwa mwingine kwa ndoana.

"Simama!" Sauti ilimtoka kwa nguvu hata sufuria ikamponyoka mkwe wake. "Kandili si ya kuonea. Ni ya kupima hewa. Ikizimika, chini hakuna hewa ya mtu. Tochi haijui hewa. Tochi itakuwakia mpaka kaburini."

Kijana aligeuka taratibu. Mama yake aliinua uso, mikono bado imo ndani ya beseni.

"Baba," akasema, "na yeye je?"

"Alishuka na tochi."

"Kwa hiyo si moyo."

"Si moyo."

"Wala si kichwa. Wala si mimi kumwambia aende."

"Si wewe, mwanangu."

"Umejua lini?"

Mzee alitazama fimbo yake. "Siku ile ile. Nilipoiona tochi."

Mkwe wake hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alimwaga maji ya beseni, yote, pamoja na vijiko vilivyokuwemo, akafuta mikono kwenye kanga. "Mimi nimemwambia mwanangu huyu kwa mdomo wangu kwamba nilimuua baba yake," akasema. "Miaka miwili, baba. Na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo." Akaingia ndani. Vijiko vikabaki vimetapakaa uani.

Kijana aliichukua kandili msumarini, akapangusa buibui, akatia mafuta, akaondoka bila kuaga.

Alirudi adhuhuri. Nguo zake zilikuwa safi, kamba kavu. Aliweka kandili chini mbele ya babu yake, kioo kikiwa kimeshika masizi.

"Imezimika mara tatu," akasema. "Nimemwambia mwenye nyumba hatushuki. Nikamweleza na sababu. Na majirani zake nimewaeleza."

Mzee akatikisa kichwa, sawa, sawa. Alitaka kumshika mkono lakini kijana alikuwa amesimama mbali kidogo. Kutoka dirishani mama yake alikuwa akisikia. Pazia lilikuwa limesogezwa.

"Babu."

"Naam."

"Baba hakuwahi kukuuliza? Hata siku moja?"

Mzee Kina angeweza kusema hapana, na nani angebisha?

"Aliuliza," akasema. "Mara moja. Alikuwa na miaka minane, tuko juu ya kisima, ananishikia kiberiti."

"Ukamjibu nini?"

Mzee aliufungua mkono wake wa kulia, akautazama kiganja, akaushusha tena magotini.

"Nilimpiga kofi," akasema.

Dirishani pazia lilirudishwa mahali pake.